Marashi ya Mdogo Wangu

Mimi si mtu wa marashi. Nina duka la dawa za mifugo na chakula cha kuku pale Tawa, na mtu anayeshinda akipima dawa ya kupe hana haja ya kujipulizia chochote shingoni. Ile dawa inashinda kila kitu. Inaingia kwenye nywele, kwenye leso, hata kwenye chapati ukiila dukani. Wateja wangu hawajali kwa sababu wao wenyewe wametoka zizini. Mtu pekee aliyewahi kulalamika ni mama yangu, na yeye alilalamika kila jioni.

"Umekuja na kupe zako," alisema kila nilipofungua mlango.

Tulikuwa tunaishi pamoja, mimi na yeye, katika nyumba aliyoiacha baba kule juu Mbooni. Asubuhi nateremka Tawa kwa bodaboda, jioni napanda. Mchana mama jirani alimpelekea uji na kumchungulia. Kisukari kilikuwa kimemla macho yote mawili, masikio yalikuwa yamepungua, na kumbukumbu ilikuja na kuondoka ilivyopenda. Vilivyobaki vikali ni pua na ulimi. Kwa pua alimjua aliyeingia, na kwa ulimi alimweleza anavyomfikiria.

Na mimi alinifikiria vibaya tangu zamani. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Hakuna anayeulizwa anataka nini. Mimi ni wa kwanza. Kwa hiyo mama alinizaa, akanifunga kwenye nguo, na papo hapo akalazimika kuniita kwa jina la mama mkwe wake, mwanamke ambaye hawakuelewana hata siku moja, kuanzia chumvi ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa, hadi kamba ya kuanikia nguo. Mdogo wangu alipozaliwa akapata jina la nyanya wa upande wa pili, na mama hakulitumia hata jina lenyewe. Alimwita mwaitu, vile mtu anavyomwita mama yake mzazi. Mimi nikivunja kikombe, mama alisema damu haipotei. Mdogo wangu akivunja kikombe, kikombe kilikuwa kimezeeka.

Mtu atasema hayo ni mambo ya utotoni na nimeyashikilia bure. Pengine. Lakini jina halikuondoka, na sauti yake akiliita haikubadilika hata nilipokuwa na mvi.

Mdogo wangu ni mwalimu huko Zombe, upande wa Kitui. Aliolewa huko akakaa huko. Zombe ni mbali, sikatai, lakini Zombe si Marekani. Alikuja shule zikifungwa, siku chache, na kila akija alitangulizwa na marashi yake. Amejipulizia hayo hayo tangu akiwa chuo cha ualimu. Ni chupa ya kijani kibichi, nyembamba, ya mtu asiyebeba magunia. Yananukia maua ya mchungwa, na majani yaliyokatwa sasa hivi, na kitu kingine safi ambacho jina lake silijui. Akipita sebuleni, saa moja baadaye bado unajua alipita.

Siku moja nilisoma maneno ya kwenye boksi lake. Yalisema kwamba hiyo ni harufu ya yale majira ya Ulaya ambapo theluji imekwisha na maua yanachipua, na kwamba anayeitumia ni mwanamke mchangamfu, mpole, mwenye moyo wazi. Nilicheka kwa hasira. Kwanza, majira hayo hatuna. Sisi tuna kiangazi, tuna mvua, na tuna kungoja mvua, ambako ndiko kurefu kuliko vyote. Kitu cha karibu ni ile wiki moja ya Novemba, mvua ya kwanza ikishapiga milima ya Mbooni, michungwa inapotoa maua na watu wanasalimiana kwa furaha hata waliokosana. Wiki ikiisha, magugu yanaota na ugomvi wa mipaka unaanza upya.

Pili, huo upole. Kama tabia inapatikana kwa kubonyeza kifuniko, mbona watu wanasumbuka kulea watoto? Kanisani kwetu namjua mama anayenukia waridi kuanzia getini, na hajawahi kumsalimu mtu wa benchi la nyuma. Namjua mwalimu wa kwaya anayejipaka kitu kikali cha kiume, cha kumfanya mtu afikirie simba, na anaogopa jogoo. Lakini watu huamini pua zao. Mdogo wangu ananukia upole, basi ni mpole. Mimi nanukia dawa ya kupe, basi ni mimi.

Likizo ya Aprili mdogo wangu alikuja, akakaa, akaondoka mbiombio, akasahau chupa yake dirishani. Jioni akanipigia simu.

"Si uniwekee tu hapo kwa window," akasema. "Nitachukua August. Na usimwage bana, hiyo pafyumu siku hizi Kitui haipatikani."

"Mimi nitaimwagia nini?"

"Nakujua wewe na hasira zako."

Hasira zangu. Yeye aliyekaa siku nne akimlisha mama maembe, jambo ambalo daktari alikataza, akaniachia mimi sukari iliyopanda. Nilizima simu nikaenda kupigana na mama kuhusu chakula cha jioni.

Kupigana si neno la kutia chumvi. Kila jioni nilikuwa na kazi tatu: ale, ameze dawa, na miguu ioshwe. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenisisitizia hiyo ya tatu mpaka nikaota ndoto. Miguu ya mwenye kisukari iangaliwe kila siku, ioshwe, ikaushwe katikati ya vidole, kwa sababu anaweza kukanyaga mwiba asiusikie. Mama alikataa zote tatu. Chakula alikitema. Vidonge alivificha chini ya ulimi, kisha navikuta kwenye mto. Miguu ndiyo ilikuwa vita kamili. Nilikaa kwenye kigoda, nikaushika mguu mmoja kwa nguvu juu ya goti langu, naye akanipiga teke kwa ule mwingine, huku akimtaja mama mkwe wake.

"Unaniogesha kama ng'ombe wa josho," alisema.

"Ng'ombe wangetulia."

"Ng'ombe hawana binti kama wewe."

Niliosha hivyo hivyo. Nilikausha katikati ya vidole hivyo hivyo. Hakuna jioni niliyoruka, na hakuna jioni niliyoshukuriwa.

Sasa, kulikuwa na siku moja ya Mei ambayo kila kitu kilikwenda kombo. Mteja alirudisha dawa akidai imeua ndama wake, kumbe hakusoma kipimo. Mvua ikaninyeshea njiani, bodaboda ikateleza, nikafika nyumbani na matope hadi kiunoni. Mama akanusa, akageuza uso ukutani, akasema heri angelazwa kwenye josho lenyewe kuliko kulishwa na mikono hiyo. Sahani akaisukuma. Ugali ukaanguka chini.

Nilitoka nje nikaoga kwa maji baridi nikitetemeka. Nikarudi, nikaiona ile chupa dirishani. Nilijipulizia shingoni, mikononi, kwenye nywele, hata kwenye sweta. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu akose la kusema.

Nikaingia. Mama akainua uso.

"Mwaitu," akasema. "Umefika saa ngapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie ni mimi. Sauti zetu zinafanana, mimi na mdogo wangu, hata watu wetu wenyewe hutuchanganya kwa simu, na kwa masikio yale ya mama hakukuwa na tofauti yoyote. Nilifungua mdomo, nikamwona ananyoosha mkono kunitafuta, na uso wake ulikuwa umelegea. Sikuwahi kuuona uso ule ukinielekea.

"Sasa hivi," nikasema.

Alikula. Alikula ugali wote na mboga, akaomba uji. Alimeza vidonge vyote nikavisikia vikishuka. Akanishika shavu, akasema nimekonda, watu wa Zombe hawanilishi.

"Na dada yako bado yuko dukani?" akauliza.

"Bado."

"Yule anapenda duka kuliko watu."

Nilikusanya vyombo. Nilivikusanya kwa nguvu mpaka kikombe kimoja kikapasuka, na mama akaniambia pole mwaitu, usijali, hicho kilikuwa kimezeeka.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikawaza: amekula, amemeza. Kesho yake nikafanya hivyo tena. Nikaanza kuacha nguo za duka kwenye stoo, kuoga kwanza, na kujipulizia mara moja kabla ya kugusa mlango. Mei ikaisha, Juni ikaja na baridi yake na ukungu ulioshuka hadi mlangoni. Kila jioni mdogo wangu alifika kutoka Zombe, na kila jioni mama alifurahi upya. Sukari ikashuka. Muuguzi akanipongeza, akaniuliza nimetumia mbinu gani. Nikamwambia ni maombi.

Ningefurahi, sivyo? Lakini nilikuwa nachemka. Mama alimsimulia yule mwingine mambo ambayo mimi sikuwahi kuambiwa: alivyokutana na baba kwenye mavuno, wimbo aliokuwa akiimba akisaga, mtoto aliyempoteza kabla yangu. Niliketi pale nikiyasikia yote, nikishikwa mkono, nikipapaswa, na hakuna hata neno moja lililokuwa langu. Nilikuwa namwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi. Nikitoka nje kuchukua kuni nilizirusha chini moja moja.

Nilimpigia mwenye marashi simu nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani mbaya iko wapi?" akauliza. "Si anakula?"

"Anakula."

"Na dawa anameza?"

"Anameza."

"Sasa unataka nini, dada?"

Nilitaka kumwambia. Nikamwambia tu aje haraka. Akasema August, shule zikifunga, hana ruhusa kabla ya hapo.

Halafu harufu ikaanza kunifuata nje ya nyumba. Ilikuwa imeingia kwenye sweta na haikutoka. Mwuza nyama wa Tawa, ambaye miaka yote alinikatia mafupa na shingo, akanichagulia paja na kuniuliza nyumbani hawajambo. Kijana wa bodaboda akaniita madam na kunifutia kiti. Nilimtazama mpaka akaona haya. Jana yake tu aliniita mathe wa kupe.

Kanisani ndiko walikonimaliza. Mchungaji alinishika mkono mlangoni, akaushikilia, akasema ameona Bwana amekuwa akifanya kazi ndani yangu. Jumapili iliyofuata nikasikia nimetajwa kwenye kamati ya kupokea wageni. Mimi! Niliyefagia kanisa hilo, niliyetoa magunia ya kuketia kabla viti havijanunuliwa, na hakuna aliyewahi kuniona nafaa kusimama mlangoni. Kumbe nilichokosa ni maua ya mchungwa. Nilisimama huko Jumapili moja. Mtu akaegesha pikipiki yake kwenye ngazi ambapo wazee wanapita, nikamwambia nilichomwambia, na kamati ikanipumzisha. Waliponipumzisha walisema labda nina mambo nyumbani. Hawakusema ni tabia yangu. Marashi yalikuwa bado yananitetea.

Nyumbani mambo yalikuwa shwari kabisa. Hilo ndilo ninalorudia kichwani. Nilipomuuliza mama anaumwa wapi, alisema haumwi popote.

"Niko salama, mwaitu. Wewe je, safari?"

"Nikuoshe miguu?"

"Nimeshanawa. Keti upumzike, umetoka mbali."

Alikuwa amevaa soksi za sufu, zile nene, kwa sababu ya baridi, na leso mbili juu ya magoti. Nilijua mama jirani humletea maji ya moto mchana. Nilikuwa nimechoka. Baada ya miaka ya mateke, mtu akikuambia ameshanawa kwa sauti tamu hivyo, unaamini. Nilikaa nikapumzika, jioni hiyo na zilizofuata.

Agosti ikafika. Mdogo wangu akanipigia kutoka Zombe akisema amenunua mbuzi wa maziwa sokoni, anamletea mama awe akipata chai nzuri. Nilimwambia asithubutu kuniletea kupe wa Kitui huku Mbooni.

"Wacha, najua," akasema. "Nitamwosha na dawa kabla tutoke. Si wewe ndio uliniuzia?"

Siku aliyokuja nilifunga duka mapema. Nikapanda nyumbani, nikaoga, nikajipulizia kwa mazoea, nikawasha moto kwenye jiko la nje niwapikie chai. Pikapu ya mwalimu mwenzake ikaingia ikinguruma. Mdogo wangu alikuwa nyuma, amekaa juu ya nyasi, amemkumbatia mbuzi. Alikuwa amemkumbatia hivyo kutoka Zombe, kwa sababu mnyama alikuwa anaruka. Sketi yake ilikuwa imelowa dawa ya kupe hadi magotini, nywele zina manyoya, na viatu vya mwalimu vilikuwa na samadi. Nilicheka. Nakiri nilicheka kwa raha kubwa.

"Usicheke bana," akasema. "Acha nimsalimie mama kwanza, ndio nioge."

Akamfunga mbuzi kwenye nguzo, akaingia. Mimi nikabaki kuchuja chai. Nilikuwa nangoja kusikia "mwaitu" ile ya kweli, na kusema kweli sikuwa na haraka ya kwenda kuiona. Nilipanga vikombe kwenye sinia polepole. Nikafika mlangoni, nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mei.

"Hatimaye!" mama alikuwa akisema. "Umekuwa wapi wewe?"

"Mama, ni mimi—"

"Najua ni wewe. Ni nani mwingine ananuka hivyo? Tangu wakati wa mvua hujakanyaga hapa. Unaniacha nikae kama mjane asiyezaa, wewe na hilo duka lako. Funga mlango."

"Nifunge kwa nini?"

"Yuko hapo nje, mdogo wako. Yuko hapa kila siku, haendi kwake. Nadhani ameachwa. Sijamuuliza, nisije nikamliza." Mama akashusha sauti, ile sauti ya mtu asiyesikia vizuri, inayosikika hadi barabarani. "Nimekungoja wewe. Kaa kwenye kigoda. Nitoe hiyo soksi, ya kushoto, polepole. Imeshikana."

Mlango haukufungwa. Nilikuwa nimesimama hapo na sinia. Nilimwona mdogo wangu ameketi kwenye kigoda, akikunja soksi kutoka kwenye kifundo, na mama akiuma meno. Soksi ilikataa. Alipofika kwenye vidole akaacha kuvuta, akanitazama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Chini ya kidole kidogo palikuwa na kidonda chenye ukubwa wa shilingi, kimezungukwa na weusi.

"Kinaoza?" mama akauliza. "Nakisikia kwa pua tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nakifunika kwa leso mwaitu asikinuse, lakini nadhani hanusi. Ile harufu yake nzuri inajaza chumba chote."

Niliweka sinia chini, na sijui niliiweka wapi. Alisema kweli. Kila jioni nilikuwa nimeketi mkono mmoja kutoka kwenye mguu ule, na chumba kizima kinanukia michungwa, na mimi mwenye pua ya kujua ng'ombe anaumwa kabla hajaanguka sikunusa kitu. Nilimkasirikia mama kwa kumficha yule na kunisubiri mimi. Nilimkasirikia kwa sababu hakuniita. Lakini angeniitaje? Kwake nilikuwa nimepotea tangu Mei.

Nikaingia ndani.

Mama akanusa. Mkono wake ukashuka haraka, ukavuta leso juu ya mguu, na uso wote ukajipanga.

"Karibu, mwaitu," akasema. "Keti. Sisi tuko salama tu, tunaongea na dada yako."

Mkono mwingine ulikuwa umeshika bega la mdogo wangu, lile lenye dawa ya kupe, na ulikuwa umelishika kwa nguvu.

Sikuketi. Nilitoka nikaenda kwenye tangi la maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Nilijisugua shingo, nikajisugua mikono, nikatumbukiza kichwa kizima chini ya bomba, kwenye ile baridi ya Agosti. Yale marashi ni ya bei na hayatoki upesi. Nilisugua na kunusa, nikasugua na kunusa, nikililia sweta, nikimlilia mama, nikimtukana mchungaji na mwuza nyama kwa sauti. Mbuzi alinitazama akitafuna. Sweta nikalivua nikalitupa kwenye majivu, nikavaa blauzi kavu kutoka kwenye kamba. Kisha nikachukua maji yaliyochemka, nikayapooza, nikachukua chumvi na kitambaa safi, nikarudi.

Mdogo wangu aliponiona alielewa. Alinyanyuka kwenye kigoda, akasogea pembeni akakaa kwenye ukingo wa kitanda, sketi yake yenye dawa ya kupe ikinukia kando yangu. Nikakaa mahali pake.

"Nipe huo mguu," nikasema.

Nilisema kwa sauti yangu ile ya kila siku, ya kuita mtu akiwa ng'ambo ya mto. Mama akageuza uso kunielekea.

"Ulienda wapi tena? Nilikuwa nakusemesha."

"Kutafuta maji."

"Unapotelea maji, unapotelea duka. Wewe kazi yako ni kupotea."

Akanyanyua mguu mwenyewe, akaubwaga kwenye goti langu kwa uzito wake wote. Hakunipiga teke. Nililoanisha soksi mpaka ikaachia, nikaanza kuosha kidonda kutoka pembeni kuja katikati, naye akanishika nywele zilizolowa akazivuta kila nilipomuumiza.

"Mikono ya mtu wa josho," akasema.

"Kesho asubuhi tunashuka hospitali. Watakulaza, na wanaweza kukikata hicho kidole."

"Sawa."

Sikumbuki kama mama aliwahi kuniambia sawa, hata mara moja. Niliinua kichwa kumtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Yule mwingine hakuwahi kuyaona machozi hayo, nami niliyekuwa yule mwingine nilikuwa shahidi.

"Lakini mdogo wako asijue," akasema. "Mwambie tunaenda sokoni. Huyo ana mambo yake tayari, na mimi siwezi kumsikia akilia. Wewe ni sawa. Wewe utagomba tu."

Mdogo wangu alikuwa amekaa hapo hapo, magoti yake yanagusa bega langu, amejijaza leso mdomoni.

"Hatajua," nikasema, nikauinua mguu nikaanza kuukausha katikati ya vidole.